Gameli Namba Kumi na Moja

Mabinti wa jikoni ya kambi, siku ile mliponipa kitenge cha kuniaga, ajida, yule mkubwa wa masajini, alisoma hotuba akasema mimi nilikuwa nguzo ya divisheni. Nguzo haigeuzi bukari, huo ugali wetu. Mimi nilipika. Nilipika tangu nikiwa na kiuno chembamba mpaka leo magoti yanalia nikiinama, na kila kitu ninachokijua juu ya jeshi nilikijulia jikoni. Mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu, zaidi ile ya vita. Nilisoma madarasa manne tu, kwa masista, hapa Likasi, mtaa wa Panda, kwa hiyo maandiko yangu yanatembea kama mtu mwenye kiatu kimoja. Mjukuu wangu anayesoma Mulungwishi alitaka kuyanyoosha. Mtoto yule ana akili kushinda walimu wake, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu, ulizeni yeyote. Lakini nilimkatalia. Angenyoosha hata vilivyopinda kweli.

Historia ya divisheni yetu, divisheni ya askari wa miguu, inaandikwa na kapiteni mmoja kijana. Yeye anajua vilima vyote na mito yote. Mkitaka vilima mumtafute yeye. Hapa ni sufuria.

Siku yangu ya kwanza niliunguza bukari ya watu mia. Nilikuwa mjane wa sajini aliyekufa kwa homa, na mjane aliyetaka kubaki katika nyumba ya kambi ilibidi afanye kazi ya kambi. Wakaniweka jikoni kwa Mama Yosefina. Alikuwa mfupi, mpana, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la mafuta ya moto kutoka kiganja mpaka kiwiko. Aliangalia pipa langu, lile pipa la mafuta lililokatwa nusu, akachungulia weusi wa chini, akaniuliza:

"Weye unapikia bwana yako ao unapikia batu mia?"

"Batu mia, mama."

"Basi uache kuonja-onja. Bwana iko na ulimi. Batu mia beko na tumbo."

Siku ile askari walikula vilevile, mmoja tu ndiye aliyesema kitu. Alisema bukari yangu ingefaa kuzibia tundu la lori.

Mama Yosefina alinifundisha kusimama. Mtacheka, lakini kugeuza bukari ya watu mia si mikono, ni miguu. Mguu mmoja mbele, goti limekunjwa kidogo, ule mti wa kugeuzia, mrefu kama kasia, unausukuma kwa mgongo. Ukitumia mikono, kufika mwezi wa tatu mabega yamekwisha. Alinifundisha kunusa unga: ukinuka kama gunia jipya, una mdudu. Alinifundisha kusugua kwa majivu na mchanga, kamwe si kwa sabuni, kwa sababu sabuni inabaki katika mikunjo ya chuma na kesho askari wote wanaharisha. Na alinifundisha neno moja nililolishika kuliko yote. Alisema:

"Shefu akiuliza gameli, umujibu gameli. Akiuliza kuni, umujibu kuni. Usiongeze kintu. Neno la muntu wa jikoni likipita swali, linaua."

Alikuwa na sababu. Zamani aliwahi kumwambia komanda kitu ambacho hakikuulizwa, na askari wawili walifungwa. Tangu hapo alijibu kama mtu anayepima chumvi. Mimi nikamfuata.

Kisha vita vikaja na divisheni ikapelekwa kaskazini. Tulikwenda kwa treni mpaka reli ilipokatika, kisha kwa malori mpaka barabara ilipokatika, kisha kwa miguu, na pipa langu nililibeba kichwani kama kofia. Mama Yosefina hakwenda. Alikuwa amezeeka, akanipa ule mti wa kugeuzia akasema nisiutumie kama kuni hata tukifa baridi. Sikuutumia. Uko nyuma ya mlango wenu wa stoo, msiutumie ninyi pia.

Jikoni yetu ilikaa nyuma ya kilima, chini ya miti mikubwa ili moshi ukatikekatike kwenye majani. Mbele yetu, mwendo wa saa moja na nusu, walikuwa askari wa kampuni yetu ndani ya mahandaki yao, na nyuma yao mto. Sasa nieleze gameli, kwa sababu ninyi mnatumia sahani za plastiki na hamtanielewa. Gameli ni bakuli la bati lenye mfuniko. Kila askari alikuwa na lake, na namba yake imetobolewa pembeni kwa msumari. Kila alfajiri Tata Fabiani, mzee wa kiraia aliyebeba mizigo kwa ajili yetu, alileta gameli tupu kwa mti wa mabegani. Tulizijaza, akarudi nazo. Gameli ambayo mwenyewe hayupo, yuko hospitali au amekufa, haikujazwa. Tuliitundika kwenye waya uliofungwa kati ya miti miwili.

Karani wa kampuni alikuwa na daftari la majina. Ajida wa kampuni hakuliamini. Karani aliweza kuandika mtu yupo kwa kuwa ni rafiki yake. Waya haukuwa na marafiki. Kila asubuhi ajida alipita, akaangalia waya, akajua kikosi kipi kimepungua. Nasema hivi ili mjue: kule mbele, sisi wanawake wa jikoni tulikuwa ndio daftari.

Katika kikosi cha pili alikuwamo koplo mmoja, Kalenga, mtoto wa Panda kama mimi. Alikuwa hali samaki. Si kwamba hapendi. Alipokuwa mchanga aliugua karibu kufa, na mama yake alimwahidi Mungu kwamba mtoto akipona hataonja samaki maisha yake yote. Kule kaskazini chakula kilikuwa ndakala, vile visamaki vikavu, asubuhi na jioni, ndani ya maharage na ndani ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Hata maji ya kunywa yalinuka ndakala. Gameli yake, namba kumi na moja, ilikuwa imeingia harufu mpaka ndani ya bati. Akaja jikoni mwenyewe, akaitundika kwenye waya, akanipa kopo la maziwa ya unga alilotobolea shikio la waya.

"Mama, nipikie mu hii. Maharage tupu."

"Weye ni askari ao ni bibi arusi?"

"Minye ni mutoto ya Mama Monika. Kama namukosea, hata vita ikiisha sitarudi ku nyumba. Adui inaniogopesha kidogo. Mama yangu inaniogopesha mingi."

Nikampikia. Kila siku maharage ya Kalenga yalichemka pembeni katika kisufuria, yakaingia kwenye kopo, na kopo likapanda juu ya mzigo wa Tata Fabiani. Ajida alijua, tukacheka naye. Gameli kumi na moja ikakaa kwenye waya miezi, ikawa kama kengele. Upepo ukija inagonga jirani yake.

Ajida huyo alihamishwa. Akaja mwingine, mtu wa haraka, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa na siku nne tu kwetu.

Siku ya tano, asubuhi, Tata Fabiani alirudi na mti wake mtupu mabegani. Ndiyo kwanza ametoka kugawa gameli za leo. Alikaa, akavua kofia, akasema:

"Kalenga anasema maharage yako ya leo iko na mawe. Anasema uendelee vile, iko anakusanya, vita ikiisha atajenga nyumba."

Nikamwambia amrudishie jibu kesho kwamba nitamwekea na saruji.

Hatukufika kesho. Kabla jua halijafika katikati mizinga ilianza, na adui alipita juu ya mahandaki ya kikosi cha pili kama maji yanayopita juu ya nyasi. Wengine walisukumwa mpaka mtoni na mto ukawachukua. Watatu waliotoka wazima, Kalenga hakuwamo, walibebwa na lori la kampuni nyingine, na sijui mpaka leo walifikishwa wapi. Sisi tukaambiwa tuhame. Nilikuwa nafunga kamba za sufuria ajida mpya alipokuja mbio na kalamu yake.

"Kikosi cha pili, leo asubuhi, gameli ngapi hazikujazwa?"

Nikaangalia waya. "Mbili, shefu."

"Namba?"

"Saba na kumi na moja."

"Saba?"

"Iko hospitali, tangu wiki ya jana."

"Kumi na moja iko hospitali?"

"Apana, shefu."

Akaandika, akaenda. Nikaendelea na kamba zangu.

Someni tena maneno hayo. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Aliuliza gameli, nilimjibu gameli, kama nilivyofundishwa, na kwa jibu hilo nilimwua Kalenga mara ya pili. Siku ya tatu tulipopanga mistari nyuma, walisoma orodha. Waliokufa kwenye nafasi yao, majina yote. Kisha: Koplo Kalenga, mtoro, aliondoka kabla ya alfajiri. Nilikuwa nimeshika ndoo. Niliiweka chini polepole, kwa sababu nilielewa hapohapo. Kwenye waya namba kumi na moja ilikuwapo. Kopo halikuwapo. Kopo lilikuwa limekwenda naye.

Nilimfuata ajida. Nilimweleza yote: samaki, kopo, mawe ya maharage. Alinisikiliza, siwezi kusema hakunisikiliza.

"Mama, liste ya majina ilishapanda divisheni."

"Basi mushushe, shefu."

"Liste ikipanda haishuki. Na ni weye njo ulinipa namba."

Hapo niliogopa. Nilikuwa na watoto wawili katika nyumba ya kambi hapa Likasi, na nikawaona kichwani mwangu wakitolewa nje na mikeka yao kwa sababu mama yao alipotosha jeshi. Nikanyamaza. Tata Fabiani, aliyekuwa shahidi wangu, alirudi kwao mwezi ule na baadaye nikasikia amezikwa. Mabinti, sitafuti namna ya kujipamba. Niliogopa, nikanyamaza, nikaendelea kupika. Gameli kumi na moja niliitia chini ya unga katika gunia langu, ikarudi nami Likasi.

Kuna mengine ya vita ningeweza kuandika, jinsi tulivyopika kwa maji ya mvua, jinsi nyani walivyoiba chumvi. Wajukuu wangu wanapenda ile ya nyani. Lakini kumi na moja inanivuta.

Vita vikaisha, nikarudi jikoni ya kambi, ile mnayoijua, yenye dirisha moja la kweli na moja la karatasi. Jumapili moja kanisani Panda, mwanamke mrefu mwembamba alikaa pembeni yangu. Baada ya misa tukasalimiana, akaniuliza nafanya kazi wapi, nikamwambia. Uso wake ukafunguka.

"Uko wa divisheni. Basi ulimujua mutoto yangu. Kalenga, koplo."

Nikasema nilimjua kidogo.

"Alikimbia," akasema, wala hakushusha sauti. "Banasema iko Zambia. Batu banacheka, minye nabaacha bacheke. Muntu anakimbia juu ya kuwa iko na miguu. Mwenye miguu anarudi."

Huyo ndiye Mama Monika. Tulikuwa marafiki miaka hii yote. Nimekula kwake, amekula kwangu, na wajukuu wangu wanamwita nkambo, bibi. Mlango wake wa mbele una komeo la chuma, na komeo hilo alilifunga kwa kamba ya katani upande wa wazi ili mtu yeyote asije akalisukuma kwa kusahau. Mchana na usiku mlango ule haukufungwa, Kalenga akirudi asibishe. Wezi waliingia mara mbili. Mara ya pili walichukua redio na blanketi, na asubuhi aliifunga ile kamba fundo la pili.

Jirani yake mmoja, mwanamke mwenye mdomo, alimwambia mbele yangu kwenye bomba la maji: "Mama Monika, mutoto yako anakimbia mpaka leo? Huyo haiko askari, ni baiskeli."

Mama Monika akajaza ndoo yake kwanza. "Yangu alikimbia vita," akasema. "Yako anakimbia hata jembe, na iko ndani ya nyumba."

Mnaelewa sasa kilichonifunga. Mwanzo nilinyamaza kwa kuogopa ajida. Ajida alisahaulika. Kisha nikanyamaza kwa ajili ya ile kamba. Nikisema Kalenga si mtoro, ninampa mama yake heshima kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ninamnyang'anya mtoto aliye hai. Kila Jumapili nilikwenda na neno mdomoni nikarudi nalo. Linazoeleka, kama moshi. Unafikiri huna, mpaka mtu mwingine akunuse.

Mwaka huu, siku chache kabla ya kunipumzisha, yule kapiteni kijana alikuja jikoni na mashini yake ya kuandikia, akaketi juu ya gunia la maharage. Alisema anatafuta watu wa zamani. Akanisomea ukurasa wa kampuni yetu. Vilima, mto, saa, upande wa jua. Kisha akasoma: "Kikosi cha pili kilishikilia nafasi yake mpaka mtu wa mwisho, isipokuwa mtoro mmoja." Akainua macho.

"Mama, uko na kitu cha kuongeza?"

Miaka yote ile, mashefu wote wale, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilikaa chini.

"Niko nacho. Lakini iko muntu anapashwa kusikia kwanza, kabla yako."

"Nani?"

"Mama yake."

Akafunga mashini. Akasema anaweza kungoja mpaka Jumatatu. Ni kijana mwenye adabu. Nimemsifia hata kwa mjukuu wangu.

Nilikwenda Panda mchana wa siku ileile. Mama Monika alikuwa anatwanga sombe uani. Nilimwambia aache kutwanga. Akaniangalia, akaacha. Nikamwambia yote, kuanzia kopo mpaka orodha, bila kuruka jibu langu kwa ajida. Sikulia. Ilikuwa zamu yake, si yangu.

Kuku akapanda juu ya kinu akaanza kudonoa sombe, na yeye hakumfukuza.

"Kopo ilikuwa na nini?" akauliza.

"Maharage."

"Bila ndakala?"

"Bila ndakala. Hata siku moja sikumutilia."

"Alikula?"

"Alikula. Alituma neno asubuhi ile, anasema maharage iko na mawe."

"Ilikuwa na mawe kweli?"

"Inaweza. Nilichambua kungali giza."

Alicheka. Kicheko kilitoka kama kitu kilichokwama, kikaishia pengine ambapo si kicheko tena. Nilimfukuza yule kuku, nikachukua mchi, nikatwanga mimi, kwa sababu sombe iliyoachwa inakuwa nyeusi na kwa sababu mikono yangu haijui kukaa. Nilipomaliza kutwanga aliniambia akiwa amenigeuzia shavu:

"Ulikuwa unajua. Unakuya kula mu nyumba yangu, na unajua."

"Nilijua, yaya." Ndivyo ninavyomwita, dada mkubwa.

"Miaka yote."

"Miaka yote."

"Usinipe pole. Wende uandikishe."

Jumatatu nilimweleza kapiteni. Aliniuliza mara tatu juu ya waya na kopo, akachora hata picha, kisha akaandika upya ukurasa ule, akanipa niusome. Nilisoma kwa kidole. Kalenga yuko katikati ya wenzake, kati ya jina la mbele yake na jina la nyuma yake, wala hakuna neno la ziada. Kapiteni akasema liste ya juu ataiandikia barua, na haitakuwa rahisi. Nikamwambia mimi nimewahi kuambiwa liste haishuki. Akasema, "Basi tutaipandia, mama." Nikaweka sahihi yangu chini, herufi moja moja.

Ninyi mliobaki jikoni, hili ndilo nililotaka mjue, mengine ni chumvi. Mti wa Mama Yosefina muutunze, majivu yake myatumie, lakini lile neno lake alipolisema alikuwa amekosea, na mimi nilikosea kulishika. Akiwapo mtu anayekula pembeni, kwa ajili ya dini, ugonjwa, au ahadi ya mama yake, mumhesabu wa kwanza, kabla ya wale wa sufuria kubwa. Na shefu akiuliza gameli, mumwambie na kopo.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa Mama Monika. Sikujua kama atanipokea. Nilibeba ile gameli ndani ya kitenge, kile kitenge chenu. Aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya matobo ya namba, kisha akafungua mfuniko akainusa.

"Haiko na samaki tena."

"Iko miaka mingi, yaya."

"Basi nitakulia minye."

Akaingia ndani kuiweka. Nilisikia droo ikifunguliwa, na kisu kikitolewa. Alinisindikiza mpaka mlangoni, hatukuagana kukutana Jumapili kanisani. Nilikuwa nimefika kwenye mwembe wa jirani yule mwenye mdomo, jua bado kali, niliposikia nyuma yangu komeo lile, chuma kikisuguana na chuma, kigumu, kwa sababu kilikuwa hakijasukumwa miaka yote ile. Kilikwama mara moja. Kisha kikaingia.